Mkwamo wa Kufuli katika Uamshaji wa Kiendeshi cha Mtandao: Kisa cha igb

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Mwenye kuendesha seva mahali kama hapo ana sababu ya kuacha kila kifaa kisicho na kazi kilale. Sehemu hii inaeleza jinsi usingizi huo ulivyoweza kuikwamisha mashine.

Tuchukulie seva iliyopo Wesha, yenye kadi ya mtandao ya Intel inayoongozwa na igb, kiendeshi cha Linux. Kadi ina matundu mawili, na moja halina waya. Usimamizi wa nishati ukiruhusiwa, kiendeshi hulilaza tundu hilo baada ya sekunde 5. Mabadiliko yaliyoingizwa katika kerneli mwaka 2021 yalitaka tundu lililolala liamshwe kabla ya kujibu maombi ya programu ya ethtool. Wazo hilo lilikuwa sahihi. Lakini maombi ya ethtool yalihudumiwa huku RTNL, kufuli kuu la mtandao, likiwa limekwisha kushikwa, na msimbo wa uamshaji wa igb nao uliliomba kufuli lile lile. RTNL haishikwi mara mbili na mchakato mmoja. Ni mithili ya mtunza ghala aliyejifungia ndani na ufunguo wa pekee, kisha akaketi akingoja aletewe ufunguo.

Kila mchakato unaohitaji RTNL hupanga foleni nyuma yake: kubadili anwani, kuwasha tundu jingine, hata kuzima mashine kwa utaratibu wa kawaida. Msimamizi akiwa Unguja, huenda mtu akalazimika kufika Wesha kubonyeza swichi.

Marekebisho ya Heiner Kallweit ya mwaka huo huo ni mafupi. Kazi ya uamshaji ilipewa kigezo kiitwacho rpm. Kikiwa kweli, kufuli haliombwi. Mashine nzima inapoamka, kigezo huwa si kweli na kufuli huchukuliwa kama zamani, kwani njia hiyo haiji na kufuli mkononi.

Kwa maoni yangu hapa pana udhaifu. Kigezo hueleza njia iliyopitwa. Hakielezi ni nani aliyeshika kufuli. Msimamizi akiagiza, kupitia faili la udhibiti wa nishati, kwamba tundu lisilale tena, tundu huamka kwa njia ya rpm bila ya yeyote kushika RTNL. Majaribio ya marekebisho haya yasiishie kwenye ethtool. Yaipitie na njia hiyo, huku maonyo ya kerneli kuhusu kufuli yakifuatiliwa.