Mbio za Pwani Zifuate Saa ya Pwani

Kila aliyesoma historia ya riadha nchini anajua kwamba sifa ya Kenya katika mbio ilijengwa nyanda za juu. Iten, mji ulioko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, umekuwa chuo cha wakimbiaji wa dunia nzima. Si vibaya kujifunza kutoka kwa waliotangulia. Ubaya huanza pale tunapoichukua ratiba ya mlimani, tukaiteremsha hadi ufuoni bila kuibadilisha hata kidogo, kisha tukashangaa wanafunzi wetu wanapoanguka uwanjani.

Mimi ni mwalimu na mkazi wa Likoni, na kukimbia ni mazoea yangu. Kwa miaka mingi nimezisikia hoja mbili zikirudiwa na walimu wenzangu pamoja na wazazi. Ya kwanza ni kwamba mbio ni mbio, popote na saa yoyote. Ya pili ni kwamba mtoto wa Pwani amezaliwa ndani ya joto, na kwa hivyo joto haliwezi kumdhuru. Hoja zote mbili hazina msingi, na hiyo ya pili ni ya hatari.

Ushahidi hauko mbali. Tarehe 24 Machi 2007, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Uwanja uliotumiwa ni ule wa gofu, ulioko kisiwani karibu na kivuko, ng'ambo tu ya maji kutoka Likoni. Miongoni mwa waliofika alikuwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye tangu 2002 hadi 2006 alikuwa ametwaa kila mwaka mataji yote mawili ya wanaume, la mbio fupi na la mbio ndefu. Siku hiyo aliongoza hadi mzunguko wa mwisho wa mbio za kilomita 12. Hapo nguvu zikamwishia, Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na bingwa huyo akatoka njiani asimalize. Wakenya Moses Mosop na Bernard Kipyego walishika nafasi ya pili na ya tatu. Wakimbiaji wengi wengine walishindwa na joto pamoja na mvuke wa bahari. Mwaka uliofuata, huko Edinburgh penye hewa ya baridi, Bekele alirudi na kulitwaa tena taji lake. Miguu yake haikuwa na kasoro. Hali ya hewa ya Mombasa ndiyo iliyomshinda.

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo kwa bingwa mwenye madaktari na wakufunzi, tutarajie nini kwa msichana wa shule ya sekondari ambaye amekunywa kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi, naye anaamrishwa kuuzunguka uwanja mara kumi saa sita za mchana?

Yafaa tuelewe kinachotokea mwilini. Mwili wa binadamu hupenda kubaki karibu na nyuzi 37 za joto. Mtu akimbiapo, sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Njia kuu ya kulitoa ni jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutiririka. Hupoza kwa kukauka. Kwenye hewa kavu hukauka upesi na kuondoka na joto. Kwenye hewa ya Pwani, ambayo tayari imejaa mvuke, jasho hudondoka mchangani na joto likabaki ndani. Ndiyo maana nyuzi 30 za Likoni humchosha mkimbiaji kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu barani.

Ni kweli kwamba mwili huweza kuzoea. Mtu anayefanya mazoezi katika joto, akiongeza kidogo kidogo, huanza kulistahimili vizuri baada ya siku 10 hadi 14. Hata hivyo, mazoea hayo hupatikana kwa kufanya mazoezi; mtu hayarithi kwa kuzaliwa Mtongwe au Timbwani. Mwanafunzi aliyekaa kivulini likizo nzima hana kinga yoyote siku ya kwanza ya kufungua shule.

Kuhamisha saa peke yake pia hakutoshi. Mwaka 2019, mjini Doha, waandalizi wa mashindano ya dunia ya riadha waliamua marathoni ya wanawake ianze karibu na saa sita za usiku ili kulikwepa jua. Jua lilikwepwa kweli, lakini joto na mvuke havikuondoka. Kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepng'etich wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, ilhali Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Yaani mshindi mwenyewe alikubali kupunguza mwendo kwa robo saa. Mwalimu anayeshika saa mkononi na kumkaripia mwanafunzi kwa kuwa hakufikia muda wa wiki jana anapaswa kwanza kuuliza hewa ya leo ikoje.

Mababu zetu mabaharia waliugawa mwaka kwa pepo, na mgawo huo ungali unatufaa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na miezi ya Februari na Machi ndiyo yenye joto kali kuliko yote. Kisha huja masika, mvua zikishika zaidi mwezi wa Mei, upepo wa kusi ukiwa umekwisha kuingia. Juni hadi Agosti hewa hupoa. Ni wakati wa kipupwe, na ndio msimu mwema kabisa wa kukimbia huku kwetu. Mvua za vuli hufuata Oktoba na Novemba. Sasa na tuitazame kalenda ya shule. Muhula wa kwanza huanza Januari na kwisha Aprili, na msimu wa mbio za nyika nchini huangukia miezi hiyo ya mwanzo wa mwaka. Kwa hivyo, tunawahimiza watoto wetu wakimbie kwa bidii kubwa zaidi katika msimu ulio mbaya zaidi kwao. Ikiwa hatuwezi kuibadilisha kalenda ya taifa, basi tubadilishe saa na kiasi.

Saa zipi basi? Jua la Likoni huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili u nusu, mwaka mzima. Saa inayofuata ndiyo yenye hewa ya baridi zaidi, ingawa mvuke wake ni mwingi na upepo ni haba. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri jua huwa kali mno, na hapo asikimbizwe mtu. Baada ya saa kumi na nusu ardhi ingali na moto, lakini upepo wa baharini husaidia jasho kukauka. Kwa maoni yangu, masomo ya michezo yawekwe ama katika kipindi cha kwanza cha asubuhi, ama baada ya masomo yote kwisha. Kuyaweka kabla tu ya chakula cha mchana ni kuwatendea watoto vibaya.

Alfajiri nayo ina giza lake. Anayeamka mapema kabla ya jua anakutana na barabara ya kwenda Ukunda na Lunga Lunga ikiwa imejaa matatu, tuktuk na bodaboda zinazokimbilia kivuko. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, mkimbiaji na ashike upande wa kulia ili ayaone yanayomjia. Avae nguo nyeupe au ya rangi nyangavu. Asizibe masikio kwa muziki. Na zaidi ya yote, asiende peke yake. Wasichana hasa wana haki ya kukimbia bila hofu, na haki hiyo hulindwa kwa kukimbia kikundi, katika njia zinazojulikana, nyumbani wakijua walikokwenda na saa watakayorudi. Jua likichomoza ndipo mtu aanze. Nusu saa ya kusubiri haimpunguzii mtu kasi.

Wapo wanaopendelea ufuo, kama ule wa Shelly, kwa kuwa mchanga wenye maji ni laini kwa magoti na hakuna magari. Nawaunga mkono, mradi waijue bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Maana yake ni kwamba siku hizo, alasiri, mkimbiaji aweza kukuta maji yamefika kwenye majabali na njia ya kurudi imefungwa. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwanafunzi anayejua kuhesabu tarehe za mwezi mwandamo hahitaji chombo chochote kuyajua haya, na mwalimu wa jiografia angeweza kuyafundisha papo hapo mchangani.

Wakati wa mvua, hatari ni ya namna nyingine. Mvua yenyewe humpoza mkimbiaji na haina dhara. Radi ndiyo ya kuogopwa. Ikisikika ngurumo, uwanja uachwe mara moja, na watu waingie ndani ya jengo. Wasikimbilie chini ya mnazi wala mwembe, maana mti mrefu huivuta radi. Wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Aidha, asiwepo mtu wa kukanyaga maji yanayotiririka barabarani, kwa kuwa chini yake huenda kuna mtaro ulio wazi.

Hapa Likoni wanafunzi wengi ni Waislamu, kwa hivyo siwezi kuuacha mwezi wa Ramadhani. Aliyefunga hana njia ya kurudisha maji anayoyapoteza hadi magharibi. Akitaka kunyoosha viungo, afanye kwa kiasi muda mfupi kabla ya kufuturu, ili maji yamkute karibu, au angoje hadi baada ya tarawehe. Mwalimu asimlazimishe kukimbia mchana, wala asimwite mvivu.

Nataka pia tuzijue dalili za hatari. Mwanafunzi akilalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, asimamishwe na apelekwe kivulini, apewe maji ya kunywa kidogo kidogo. Akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, huo ni ugonjwa wa kuzidiwa na joto, nao huua. Asinyweshwe chochote ikiwa hana fahamu. Amwagiwe maji ya baridi mwili mzima, apepewe, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Kupoza kuanze pale pale alipoanguka, kwani kila dakika inayopotea njiani huidhuru akili na figo zake.

Hatimaye, lipo jambo ambalo walimu tumelinyamazia. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kuumiza mwili au akili yake. Hata hivyo, nimeona wanafunzi waliochelewa wakiamrishwa kuuzunguka uwanja mchana wa Februari, mwalimu akiwa kivulini. Aliyefanya hivyo ameweka fimbo chini akaokota jua. Tena adhabu hiyo hufanya madhara mawili kwa mpigo: huhatarisha uhai wa mtoto, na humfundisha kwamba kukimbia ni mateso. Kisha twalalamika kwamba Pwani haitoi wakimbiaji.

Sijasema watoto wetu wasikimbie. Nasema wakimbie zaidi, lakini kwa saa zao. Gharama ni ndogo: kipindi kimoja kihamishwe katika ratiba, mtungi wa maji uwekwe kando ya uwanja, wiki mbili za kwanza za muhula zitumiwe kuzoeza miili, na mwanafunzi anayeinua mkono kusema amechoka asikilizwe bila kuchekwa. Wanafunzi nao wasione haya kuinua mkono huo. Ratiba za Januari huandikwa na walimu wakuu wakati wa likizo ya Desemba. Kabla ya kukiandika kipindi cha michezo kwenye safu ya saa sita, nawaomba watoke nje ya ofisi saa hiyo hiyo, wasimame katikati ya uwanja kwa dakika kumi bila kofia, ndipo waamue.