Mgonjwa 'anamrithi' mtu, nesi hamrithi: Hivi ndivyo urithi wa klasi unavyofanya kazi kwenye programu

Ukifika dirishani kwenye zahanati yoyote, iwe Mkolani, Buhongwa au Eldoret, maswali ya kwanza hayahusu ugonjwa. Unaulizwa jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na unakoishi. Kinachokuuma kinakuja baadaye.

Mpangilio huohuo umo ndani ya OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Kazi yake ilianza mwaka 2004, baada ya wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, kufika Eldoret, Kenya, ambako mradi wa AMPATH ulikuwa unahudumia wagonjwa wengi wa VVU. Mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda.

Imeandikwa kwa lugha ya Java na msimbo wake uko wazi kwenye intaneti, hata kwa simu unasomeka. Na humo ndani kuna jibu la kitu kinachowachanganya wengi wanaojifunza Java: urithi wa klasi.

Walimu wengi hufundisha somo hili kwa mfano wa mnyama, mbwa na paka. Mfano huo ni mwepesi mno. Hauonyeshi mahali ambapo urithi unakataa.

Klasi ni fomu tupu

Chukulia klasi kama fomu ambayo haijajazwa. Ukiijaza kwa ajili ya mtu mmoja, unapata kitu kimoja chenye taarifa zake. Fomu ni moja, waliojaziwa wanaweza kuwa elfu. Tofauti na karatasi, klasi pia ina kazi zake. Klasi ya OpenMRS inayoitwa Person, yaani mtu, inatunza tarehe ya kuzaliwa na inajua kukokotoa umri.

Sasa mgonjwa naye ni mtu. Je, uandike upya jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na hesabu ya umri? Hapana. Klasi ya mgonjwa, Patient, inatangazwa kwa neno moja la Java, extends, kwamba inamrithi Person. Hapohapo inapata kila alichonacho mzazi wake. Yenyewe inaongeza vya kwake tu: namba za utambulisho za mgonjwa, hali yake ya mzio na kadhalika.

Faida yake ni kubwa kuliko kupunguza kuandika. Hesabu ya umri ikiwa na kosa, unairekebisha sehemu moja. Kama ingekuwa imenakiliwa sehemu kumi, kuna mahali ungesahau, na dozi ya mtoto inaweza kutegemea umri huo.

Person naye ana wazee wake. Ukipanda juu utakuta klasi inayotunza nani aliingiza taarifa, lini, na kama imebatilishwa. Ndiyo maana kumbukumbu ya mgonjwa ikikosewa, kwa kawaida haifutwi, inawekewa alama ya kubatilishwa pamoja na sababu. Aliyeandika Patient hakuhitaji kuliandika hilo tena, limeshuka kutoka kwa babu.

Mtoto anaweza kubadili alichorithi

Hapa ndipo patamu. Kuna klasi ya Order, yaani agizo la daktari, na mtoto wake DrugOrder, agizo la dawa. Mzazi ana kazi ya kuuliza: maagizo haya mawili yanahusu kitu kilekile? Jibu husaidia kuzuia mgonjwa asiagiziwe kitu kimoja mara mbili kwa wakati mmoja.

Kwa agizo la kawaida inatosha kulinganisha jina la huduma. Kwa dawa haitoshi, kwa sababu dawa hiyohiyo inaweza kuwa vidonge au maji, na kwa nguvu tofauti. Kwa hiyo DrugOrder anaiandika upya kazi hiyo. Kwanza anamwita mzazi afanye ulinganisho wake, kwa neno super, kisha anaongeza ukaguzi wa dawa yenyewe. Programu ikiulizwa swali lile kuhusu agizo la dawa, inatumia jibu la mtoto, hata kama aliyeuliza anajua tu kwamba ameshika Order.

Kwa nini nesi hamrithi mtu

Nesi anayeingia kwenye mfumo kwa neno la siri ni User, mtumiaji. Naye si mtu jamani? Wengi tungeandika haraka kwamba User anamrithi Person.

Lakini nesi naye huumwa. Siku akipata malaria anakuwa mgonjwa hospitali ileile anayofanyia kazi. Kwenye Java, kitu kimoja hakiwezi kuwa Patient na User kwa pamoja kama hao wawili ni ndugu wa mzazi mmoja, na klasi haiwezi kuwa na wazazi wawili. (C++ na Python zinaruhusu, na zina matatizo yake ya kuamua nani wa kufuatwa wazazi wakigongana.)

OpenMRS imelimaliza hivi: User ni akaunti tu. Hamrithi Person, bali *ana* Person ndani yake. Mtu mmoja anaweza hata kuwa na akaunti zaidi ya moja. Nesi akiumwa, mtu ni yuleyule, faili la ugonjwa ni la kwake, na akaunti yake ya kazi haiguswi.

Kiswahili kinatusaidia kupima hapa. Sema sentensi kwa "ni", kisha kwa "ana". Mgonjwa ni mtu: rithi. Akaunti ni mtu? Haikubali. Akaunti ina mtu: weka ndani.

Bei yake

Wazo hili si la jana. Lilikuwepo kwenye Simula 67, lugha ya Wanorwei Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, kabla Java haijatoka mwaka 1995. Tangu zamani linajulikana kwa shida moja: ukimgusa mzazi, umegusa watoto wote. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu ya OpenMRS, kwa hiyo anayebadili mstari mmoja ndani ya Person anabadili kitu kinachotumika kliniki nyingi asizozijua. Ndiyo maana mabadiliko ya klasi za juu hupimwa kwa majaribio mengi kabla ya kutolewa toleo jipya.