Sindano ya Shaba: Liyongo, Mwanawe na Kadari

Jioni, watoto wa Bugarama wanapoizunguka simu moja kumwongoza shujaa wa mchezo kati ya misitu na majoka, swali huzuka: je, shujaa huyu lazima afe, au tunaweza kumwokoa? Swali hilo si la kitoto. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na kuzaa mingi ya jinsi hii, mchezaji huchagua tendo, kisha dadu ya pande 20 huamua kama litafaulu. (Dadu yenyewe wanazuoni wengi wameikataza, mzazi na alijue hilo.)

Waswahili tunaye shujaa wetu wa namna hiyo. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakudhuriwa na mkuki wala mshale. Kilichoweza kumwua ni sindano ya shaba, tena ichomwe kitovuni.

Utadhani basi hana la kuchagua. Lakini alipofungwa gerezani akingojewa kuuawa, hakuketi kuyangoja yaliyoandikwa. Alimpelekea mama yake ujumbe. Mama akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wakala mikate mizuri, wakamwachia ule mbaya. Akaomba ngoma ya gungu ipigwe, na katika vishindo vyake akaikata minyororo.

Sayyidna Umar (r.a.) naye, alipopata habari za tauni ya Sham, aligeuza msafara. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu kwamba anaitoka kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah.

Mgumu kwangu ni mwana wa Liyongo. Sultani wa Pate alimwahidi kumwoza bintiye. Kijana akamwuliza baba siri yake, akaambiwa. Akarudi Pate, sindano ikafuliwa, akaja nayo, akamchoma babaye usingizini. Njia yote hiyo, kwenda na kurudi, alikuwa na nafasi ya kugeuka kama Umar alivyogeuka. Anayesema kijana alikuwa chombo tu cha kadari na aihesabu safari ile hatua kwa hatua.

Liyongo aliamka, akatwaa upinde, akapiga goti karibu na kisima, akafa hivyo hivyo. Watu wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake akaletwa ambembeleze atulie, naye akasimama mbali akimsihi mwanawe aliyekwisha kufa.