Kelele za ndege ambazo ramani haizionyeshi

Septemba 2014, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) ilibadili njia za ndege zinazoruka kutoka Phoenix, Arizona. Ndege zilizokuwa zikitawanyika zikaanza kupita mstari mmoja unaoongozwa na setilaiti. Mamlaka ilikuwa imejiridhisha kwamba hakutakuwa na athari kubwa. Wakazi walilalamika, jiji likaenda mahakamani, na mwaka 2017 likashinda.

Tatizo linaanzia kwenye kipimo chenyewe. Kipimo rasmi cha Marekani hukusanya sauti zote za saa 24 na kutoa wastani, huku ndege za usiku zikiongezewa desibeli 10. Athari kubwa huhesabiwa kuanzia 65. Sasa chukua mtaa ulio mbali na uwanja, unaopitiwa na ndege 100 kila mchana. Tuseme sauti yote ya ndege moja, ikikusanywa katika sekunde moja, ni desibeli 80. Wastani wa siku nzima hautazidi 51. Kufikia 65 kungehitaji ndege zaidi ya 2,700! Anayekatizwa mazungumzo mara mia kwa siku hasikii wastani. Anasikia kila ndege.

Chanzo cha kelele nacho hubadilika. Ndege inaposhuka, injini hupunguzwa nguvu, na sehemu kubwa ya kelele hutoka kwenye hewa inayogonga magurudumu na kingo za mabawa zilizoshushwa. Airbus A320 zilijulikana kwa mluzi uliotoka kwenye matundu madogo chini ya bawa, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Mwaka 2014 Lufthansa ilianza kutumia ndege zenye vibati vidogo vya kuvuruga hewa mbele ya matundu hayo, na mluzi ukatoweka. Programu za kukadiria kelele hutegemea zaidi majedwali ya nguvu ya injini na umbali, hivyo rubani anayeshusha magurudumu mapema haonekani vizuri kwenye hesabu. Isitoshe, upepo na tabaka za joto hupinda sauti njiani.

Kwa hiyo, kando ya wastani, wananchi waonyeshwe idadi ya ndege zitakazozidi desibeli 60 mchana na 50 usiku juu ya mtaa wao. Hesabu hiyo inawezekana leo, na wapewe kabla njia mpya haijaidhinishwa.