Mtaalamu Aliyevuka Bahari Kufundisha Habari za Miamba

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kuichunguza dunia: miamba, milima, mito, madini na matetemeko. Wataalamu hao huitwa wanajiolojia. Hata siku hizi vyama vyao huchagua wenzao wenye sifa, huwalipia nauli na kuwatuma nchi mbalimbali kutoa mihadhara. Mhadhara ni somo linalotolewa na mtaalamu mbele ya watu wengi.

Pengine tunajiuliza: kwa nini mtu asafiri mbali hivyo ili azungumze tu? Si aandike kitabu, watu wakisome kwao? Tuitazame safari moja ya zamani, tutapata jibu.

WOSIA WA BWANA LOWELL

Katika mji wa Boston, Marekani, alikuwako tajiri mmoja, John Lowell. Mke wake na watoto wake walifariki, naye akaondoka kwenda kusafiri. Alifariki Bombay, Bara Hindi, mwaka 1836. Katika wosia wake alisema sehemu ya mali yake itumike kuwalipa wataalamu wawafundishe watu wa Boston, na wasikilizaji wasilipe kiingilio. Mihadhara hiyo ilianza mwisho wa mwaka 1839.

Mwaka 1841 alialikwa Charles Lyell, mwanajiolojia mashuhuri wa Uingereza. Wakati huo ndege hazikuwako. Alipanda meli mwezi wa Julai pamoja na mkewe Mary, ambaye naye aliyajua mambo ya miamba na makombe.

WATU WALIJAA

Basi, watu walikuja kwa wingi. Tiketi 4,500 zilitolewa bure. Waliohudhuria kila mara walizidi 3,000. Ukumbi haukuwatosha! Ikabidi wagawanywe makundi mawili: kundi moja lilifundishwa jioni, na jingine lilirudiwa somo lile lile kesho yake mchana. Walikuwamo wanawake na wanaume, matajiri, wasomi, na mafundi wa kazi za mikono.

Walitaka kusikia nini? Wengi siku hizo waliamini kuwa dunia ina miaka 6,000 hivi. Lyell alifundisha kuwa dunia ni ya zamani zaidi sana. Alisema mvua, mito, mawimbi na volkano tunazoziona leo ndizo zilizoibadili dunia, polepole, kwa muda mrefu mno. Sisi tungesema: haba na haba hujaza kibaba. Anayeishi karibu na korongo analielewa jambo hili. Kila masika maji hukata udongo kidogo, na baada ya miaka mingi lile korongo huwa refu.

MTAALAMU NAYE HUJIFUNZA

Kabla ya kuanza mihadhara yake, Lyell alikwenda kwenye maporomoko ya Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada. Mwenyeji wake alikuwa James Hall, mwanajiolojia wa hapo New York. Huko maji hula mwamba laini ulio chini. Mwamba mgumu wa juu hukosa mahali pa kushika, ukavunjika. Hivyo maporomoko hurudi nyuma. Tangu yalipoanza yamerudi karibu kilomita 11.

Je, yamechukua miaka mingapi? Mwingereza mmoja aitwaye Bakewell alikuwa ameandika mwaka 1830, akitegemea maneno ya wakazi wa pale, kwamba maporomoko yanarudi futi 3 hivi kila mwaka. Lyell aliona ni nyingi mno. Yeye alikadiria futi 1, akapata miaka 35,000.

Mwaka 1842 Hall alipapima mahali hapo vizuri, ili watakaokuja baadaye walinganishe. Walipolinganisha, waliona kuwa maporomoko yalikuwa yakirudi zaidi ya futi 3 kwa mwaka! Wakazi walikuwa karibu na ukweli kuliko mgeni mashuhuri. Leo wataalamu wanasema maporomoko hayo yana umri wa miaka 12,000 hivi. Lakini somo kubwa la Lyell halikuanguka: maji ndiyo yaliyolikata bonde lile, kidogo kidogo.

NASI TUFANYEJE?

Sasa tumepata jibu. Kitabu hakiulizwi swali kikajibu. Mtu huulizwa. Na mtaalamu akibaki kwao hawezi kuona mito na miamba ya wengine, wala kuwasikia wanaoishi hapo. Lyell mwenyewe alirudi Marekani mara kadhaa.

Kwa hiyo, akija mtaalamu wa ardhi, wa maji au wa madini kijijini kwetu, tusikae kimya eti yeye ndiye msomi. Tumsikilize vizuri. Asipoeleweka, tumwulize. Kisha tumweleze tuliyoyaona wenyewe: kisima kilikauka mwaka gani, mto ulihama lini, mlima uliporomoka upande upi. Ayaandike, ayapime. Elimu haina mwisho, hata kwa anayefundisha.