Anayekulaza Ndiye Anayekuamsha

Mgonjwa akitoka salama chumba cha upasuaji, ndugu humshukuru daktari aliyeshika kisu. Yule aliyekaa kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, hata jina lake hawaliulizi. Wengi hudhani kazi yake ni kuchoma sindano ya usingizi, kisha akae angoje. Kumbe kumlaza mtu ni kazi ya dakika chache. Kibarua ni kumweka hai mpaka aamke.

Chukua mama aliyefika hospitali ya Koboko, eneo la West Nile nchini Uganda, na uchungu uliokwama. Mara nyingi halazwi nusukaputi, hupewa ganzi ya mgongo. Ataketishwa ukingoni mwa meza, akumbatie mto na kujikunja kama jongoo. Spiriti ya baridi itapita mgongoni, kisha sindano nyembamba itaingia kati ya pingili za kiuno, chini ya pale uti wa mgongo unapoishia. (Ndiyo maana hofu ya kupooza, inayozungumzwa sana kliniki, ni kubwa kuliko hatari yenyewe.) Tone la maji maangavu likichungulia, mtaalamu hutia dawa isiyozidi nusu kijiko cha chai. Punde miguu inakuwa mizito kama magogo.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mishipa ya damu hulegea, presha inaporomoka, mama anasema anasikia kichefuchefu. Mtaalamu humwinamisha upande wa kushoto ili mimba isikandamize mshipa mkubwa, huongeza maji ya dripu, huchoma dawa ya kupandisha presha. Mwenye kisu haachi kukata, na pengine hajui kilichopita.

Uganda, wengi wanaofanya kazi hii si madaktari bali ni maafisa wa usingizi waliosomea stashahada. Madaktari bingwa ni wachache, na wengi wako Kampala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wataalamu 97 wa nchi hiyo waliulizwa kuhusu vifaa vyao. Asilimia 23 tu walikuwa navyo vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa upasuaji wa uzazi, asilimia 6. Tangu hapo kile kidude cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kimesambaa, na kwangu mimi hakuna kifaa chenye thamani zaidi kwa bei yake. Oksijeni ikishuka, mlio wa kidude nao hushuka, hivyo sikio hujua kabla ya jicho. Tena kinatumia betri, jambo kubwa kwa West Nile, iliyokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa.

Yanayoizidi Koboko hupelekwa kwa barabara hadi Hospitali ya Rufaa ya Arua, ambako pia hufika wagonjwa kutoka Kongo, Sudan Kusini na kambi za wakimbizi. Huko swali moja huulizwa kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili: umekula lini?

Mgonjwa aliyelala hawezi kujizuia kupaliwa. Chakula kikipanda kutoka tumboni huingia mapafuni. Kwa upasuaji uliopangwa, chakula kikome muda wa saa sita kabla, maji matupu muda wa saa mbili kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Kwa hiyo, shangazi uliyeficha uji kwenye kikapu kwa huruma, mwambie mtu wa usingizi. Hatakugombeza, ataahirisha tu.