Jina la Ukoo Si Cheti cha Damu

Kila mwanzo wa muhula, ninapoita majina ya wanafunzi wapya, husikia minong'ono. Jina la ukoo halijaisha kutamkwa kabla ya wenzake kumpangia mwenye jina kabila, tabia, na hata mgombea atakayempigia kura. Sikatai kwamba majina husema. Ninachokataa ni kwamba husema hayo. Ili nisimkwaze mtu, hutoa mfano wa mbali usio na shangazi wala mjomba darasani: jina Montgomery.

Wengi hudhani jina hili ni la Waingereza tangu jadi. La hasha! Chimbuko lake ni Normandi, kaskazini mwa Ufaransa, viliko hadi leo vijiji vya Saint-Germain-de-Montgommery na Sainte-Foy-de-Montgommery. Tukilichambua, sehemu ya kwanza ni neno la Kifaransa lenye asili ya Kilatini, maana yake mlima. Ya pili ni jina la mtu, Gumarik, kutoka lugha za kale za jamii ya Kijerumani. Kwa hiyo ni "mlima wa Gumarik". Nao Wanormani walioutawala mlima huo walijinasibisha na mabaharia wa Skandinavia, waliopewa nchi hiyo na mfalme wa Wafaranki mwaka 911. Jina halijavuka bahari, na tayari lilikuwa chotara.

Mwaka 1066, William wa Normandi aliiteka Uingereza. Mmoja wa makabaila wake, Roger de Montgomery, alitunukiwa ardhi kubwa mpakani mwa Wales, akajenga ngome na kuipa jina la kwao. Hata hivyo, katika Kiwelshi mji uliokua hapo huitwa Trefaldwyn, yaani mji wa Baldwin, Mnormani mwingine aliyeimiliki ngome hiyo baadaye. Mji mmoja, majina mawili, na yote ya wageni!

Mwaka 1102, Robert mwana wa Roger alimwasi mfalme, akanyang'anywa ardhi zake zote za Uingereza. Hata hivyo jina halikufa. Katika karne ya 12 tunamkuta Robert mwingine, naye wa Montgomery, akipewa ardhi huko Eaglesham, Uskoti. Undugu wake na Roger haujathibitishwa, ingawa wazao wake walijivunia kwa karne nyingi. Kutoka Uskoti, Hugh Montgomery alivuka hadi kaskazini mwa Ayalandi mwaka 1606, akafuatwa na walowezi Waskoti. Na mwaka 1944, majeshi ya nchi kavu yalipotua Normandi kupambana na Wajerumani, kamanda wao alikuwa Bernard Montgomery, ambaye ukoo wake ulitoka Ayalandi. Jina lilikuwa limerudi nyumbani, likisema Kiingereza.

Safari iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ni ile ya Marekani. Richard Montgomery, mzaliwa wa Dublin, aliliacha jeshi la Waingereza, akajiunga na Wamarekani walioupinga utawala wao, na akauawa Quebec tarehe 31 Desemba 1775. Mji mmoja wa Alabama ukapewa jina lake mwaka 1819. Humo ndimo Jefferson Davis alimoapishwa Februari 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kuutetea utumwa. Wakati huo huo, katika shamba la Joseph Davis, kaka yake Jefferson, alikuwako kijana mtumwa aliyeitwa Isaiah Montgomery. Baada ya kupata uhuru, kijana huyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mound Bayou, mji wa Weusi katika jimbo la Mississippi, mwaka 1887. Tena ni katika mji ule ule wa Montgomery ambamo Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti cha basi mnamo Desemba 1955, na Weusi wakasusia mabasi kwa siku 381.

Sasa nauliza: Montgomery halisi ni yupi? Kabaila wa Normandi, mlowezi wa Ayalandi, au mtumwa wa Mississippi? Kila mmoja alilibeba kwa haki. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, nami naongeza kwamba jina ni jepesi kuliko vyote viwili. Hutolewa, hurithiwa, hutwaliwa kwa upanga, hubandikwa mtumwa, hupewa mji. Jina hutuonyesha njia lilizopita, lakini halituambii moyo wa mwenye kulibeba.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika nchi yetu hii, wapo waliosimamishwa vizuizini na kutakiwa vitambulisho, na jina lililosomwa pale likaamua nani apite na nani asipite. Waliolisoma walijua herufi, hawakumjua mtu.

Walimu wenzangu, mnapoita majina kesho na kusikia minong'ono, msiipuuze. Mpeni mwanafunzi nafasi asimulie mwenyewe jina lake lilikotoka, nao wanaonong'ona wasikilize.